Kibuyu Kilichofika kwa Mtu wa Sita

Naitwa Ileana Bidegain, na nianze na ubaya wangu nisije nikaonekana najipendelea: nina mdomo mkali na sipendi kukosolewa. Nimeandika programu za kompyuta hapa Montevideo miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kunikosoa akaondoka na raha yake. Wilson Piriz anajua. Zulma naye anajua, ila Zulma ndiye aliyeumia.

Kampuni yetu ni ya magari ya wagonjwa. Mtu akibanwa na kifua huko Malvín au Paso Molino, anapiga simu. Programu inaipokea, inaipangia meza, inatafuta anwani, kisha inawasha skrini ya mmoja wa wapokeaji sita walioko ukumbini ghorofa ya kwanza, naye anatuma gari. Kazi yote ndiyo hiyo. Mambo yakienda vizuri hakuna anayekumbuka kwamba sisi wa ghorofa ya tatu tupo.

Programu ya zamani aliiandika Wilson, mzee mpole mwenye sweta moja la kijivu. Imani yake ilikuwa kwamba kila simu ipewe uzi wake. Uzi ni kama mtumishi ndani ya mashine: simu ikiingia anapatikana mtumishi wa simu hiyo peke yake, anahangaika nayo mwanzo mpaka mwisho. Simu hamsini, nyuzi hamsini. Mmoja akikwama kungoja jibu la mahali fulani, amekwama yeye tu, wenzake wanaendelea. Ni mpango wa heshima, siubezi. Lakini siku za dhoruba nyuzi zilifika mia nne, mashine ikazidiwa, na nyuzi zenyewe zikashikana mashati: huyu kashika orodha ya magari anangoja ramani, yule kashika ramani anangoja orodha ya magari, hakuna anayeachia. Mwaka mmoja tuliizima na kuiwasha mara tatu kwa siku moja.

Mimi nikasema basi, naandika upya. Nikamweleza bosi wetu, Leandro Zunino, kwa mfano wa mkahawa wa nyama choma, kwa sababu Leandro bila nyama haelewi kitu.

"Wilson ana meza ishirini na wahudumu ishirini," nikamwambia. "Kila mhudumu akishachukua oda anakwenda kusimama jikoni kuikodolea nyama mpaka iive. Mimi nataka mhudumu mmoja, mwepesi. Anachukua oda ya meza ya kwanza, anaiacha jikoni, huyo meza ya pili. Nyama ikiiva wanamwita. Hasimami hata mara moja."

"Na akisimama?" Wilson akauliza.

"Hasimami."

"Nauliza akisimama, Ile." Hivyo ndivyo wenzangu wanavyonikatizia jina.

"Wilson bwana, we ushachoka, kapumzike. Nimesema hasimami."

Leandro akacheka, na kazi nikapewa mimi. Nikaifanya vizuri, nasema kweli tupu. Simu mia nne, mia sita, mhudumu wangu anazunguka tu. Watu walinisifu mpaka nikaanza kutembea kifua mbele.

Mwezi wa saba Wilson akaja mezani kwangu na karatasi, kaipigia mstari kwa penseli.

"Hapa, mstari wa mia mbili na kumi na nne. Unaita ile programu yangu kuukuu ya kutafuta anwani."

"Inafanya kazi. Kwa nini niandike nyingine?"

"Inafanya kazi kwa kusimama. Ikiuliza kwenye mashine ya anwani, inasimama palepale mpaka ijibiwe. Mimi niliiandika hivyo kwa sababu kwangu akisimama mmoja, kasimama mmoja. Kwako wewe huyo ni mhudumu pekee."

"Inajibiwa kwa sehemu tatu za elfu za sekunde, Wilson. Hata kope hujapepesa."

"Leo."

"Kila siku! Nimepima mara elfu kumi!"

"Na siku mashine ya anwani isipojibu kabisa?"

"Haya, mwalimu. Nimesikia. Kengele ishalia, nenda mapumziko."

Wenzetu wakaangua kicheko. Wilson akakunja karatasi yake akaondoka, masikio yamemwiva. Alikuwa sahihi na nilijua yuko sahihi. Alipotoka nikaandika juu ya mstari ule maneno ya kujikumbusha: "Badilisha hii kabla ya Santa Rosa. Ileana." Santa Rosa ni ile dhoruba ya mwisho wa mwezi wa nane, hapa kwetu kila mtu anaingoja kama mgeni asiye na adabu. Nilikuwa na wiki saba. Nikazitumia kumpambia Leandro ramani za rangi za kuwaonyesha wageni wake. Sikusahau, jamani. Niliahirisha, na hayo ni mambo mawili.

Jumamosi tarehe thelathini Santa Rosa ikaja na hasira zake zote. Miti ilianguka, mabati yakaruka. Saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, mama mmoja wa Paso Molino, Doña Elvira, akatupigia simu: mumewe, Don Ademar Lacuesta, kaanguka jikoni kashika kifua. Simu ikaita. Ikaita dakika kumi na moja. Alipopokelewa gari lilitoka mara moja, lakini Don Ademar alikata roho njiani, kabla hawajafika bustani ya Prado.

Jumatatu Leandro akatuita ofisini kwake mimi na Zulma Texeira. Zulma alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye simu zile. Mwanamke mnene, mcheshi, chupa ya maji ya moto haimtoki kwapani. Ndiye mmiminaji wa ukumbi. Kwetu chai chungu ya yerba haina kikombe cha kila mtu. Kuna kibuyu kimoja na mrija mmoja wa chuma. Mmiminaji anakijaza, anakupa, unakinywa mpaka kilie kwa kuishiwa maji, unamrudishia, anamjazia anayefuata. Ukumbini kwao ilikuwa kichekesho, maana kibuyu hakijawahi kumaliza mzunguko. Kikifika kwa wa pili au wa tatu, skrini inawaka, mtu anavaa vipokea sauti, kibuyu kinapoa mezani. "Hapa tunakunywa maji ya bwawa," Zulma alizoea kulalamika.

Leandro akatandaza karatasi. "Mashine imeandika: saa tisa na dakika kumi na mbili simu imepangiwa meza ya tatu. Meza yako, Zulma. Saa tisa na dakika ishirini na tatu imepokelewa. Na kamera hii hapa." Akageuza kompyuta. Zulma alionekana amesimama katikati ya ukumbi, chupa kwapani, anamimina, anacheka. "Dakika kumi na moja mama wa watu analia, wewe unapiga soga."

"Skrini yangu ilikuwa kimya," Zulma akasema. "Haikuwaka, Leandro, naapa kwa roho ya mama yangu. Ile, mwambie. Wewe ndiye mwenye mashine. Mwambie skrini ilikuwa kimya."

Nikamwambia, na mpaka leo najisikia nikimwambia: "Mashine imeandika simu ilikuwa mezani kwako, Zulma. Mashine haina ugomvi na mtu."

Nikatia saini ripoti kwamba mfumo ulikuwa mzima. Nilidhani ni mzima. Sikuwa nimeangalia chochote. Zulma akasimamishwa kazi mpaka kikao cha nidhamu, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatano Leandro akaniomba nimkatie kipande cha kamera cha kuonyesha kwenye kikao. Nikakaa mezani na mkate wangu wa jibini, nikakiangalia chote. Wa kwanza ni Zulma mwenyewe, ndiyo desturi ya mmiminaji. Anakunywa, anajaza tena. Wa pili. Wa tatu. Nikaendelea kutafuna. Wa nne. Wa tano. Wa sita ni kijana mrefu wa meza ya dirishani. Alipopewa kibuyu alikiinua juu kama kombe la mpira na wenzake wakapiga makofi. Zulma akajimiminia mwenyewe, akaanza mzunguko wa pili.

Nikauweka mkate chini.

Siku ya Santa Rosa, mji mzima unavunjika, na watu sita wote hawana simu hata moja. Nikafungua orodha ya simu. Saa tisa na kumi na mbili, ile ya Doña Elvira. Kisha hakuna kitu dakika kumi na moja. Kisha, ndani ya sekunde moja, simu thelathini na saba. Leandro alikuwa ameisoma orodha hiyohiyo akasema palikuwa na utulivu. Utulivu gani! Watu walikuwa wamejazana mlangoni wanagonga na mhudumu wangu kaganda jikoni. Nikapiga simu kule kwenye jengo la mashine ya anwani: umeme wa mashine yao ya anwani za Paso Molino ulikatika saa tisa na dakika kumi na mbili, ukarudi saa tisa na ishirini na tatu. Programu ilikuwa imeshaandika "meza ya tatu", ikaenda kuuliza anwani, ikasimama hapo hapo kabla ya kuiwasha skrini ya Zulma. Ikasimama kwa ajili ya wote. Mstari wa mia mbili na kumi na nne, na juu yake jina langu.

Nikaurekebisha mstari saa ileile, ilinichukua dakika arobaini. Dakika arobaini tu, Mungu wangu. Na maneno yangu ya kujikumbusha nikayafuta.

Kisha nikanyamaza. Sina maelezo mazuri. Niliogopa polisi, niliogopa Leandro, na kilichonitisha kuliko vyote ni uso wa Wilson. Kila asubuhi nilisema leo nitasema, kila jioni nikapanda basi la kurudi kwangu sijasema. Zulma alinipigia mara mbili sikupokea.

Wilson aligundua Alhamisi ya wiki ya pili, siku moja kabla ya kikao. Mabadiliko yote ya programu yanabaki kwenye kumbukumbu na tarehe zake, hata uliyoyafuta.

"Umebadilisha ule mstari," akasema. Hakukaa.

"Ndiyo."

"Jumatano ya wiki iliyopita."

"Wilson, usinianze."

"Sikuanzi. Mimi sitasema, Ile. Utasema wewe." Akanyoosha sweta lake akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ijumaa tukakaa chumba cha mikutano: Leandro, mtu wa chama cha wafanyakazi, Wilson, mimi, na Zulma. Alikuwa amepungua. Kachana nywele vizuri, mkoba kaukumbatia, chupa yake hakuja nayo. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimejiandaa pia kutosema. Mtu wa chama akamwambia ajieleze.

"Nimefikiri sana," Zulma akaanza, na sauti haikuwa ile tuliyoizoea. "Nilisema skrini ilikuwa kimya. Lakini mashine haina ugomvi na mtu, Ileana alisema, na Ileana anajua. Kwa hiyo labda iliwaka nisiione. Nimekwenda kupimwa macho, daktari anasema mazima. Basi labda ni kichwa. Mama yangu alianza hivihivi, anaangalia kitu hakioni. Binti yangu sasa haniachi nipike peke yangu." Akaushika mkoba vizuri. "Jumapili nilikwenda kwa Doña Elvira. Nilipiga magoti mlangoni nikamwambia ni mimi, nisamehe. Akanifungia mlango. Ana haki. Nilitaka tu mjue kwamba nilikwenda."

"Zulma, nyamaza," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mtu wa chama akakunja uso. "Mama, mwache amalize."

"Hana cha kumaliza. Leandro, washa kamera. Toka mwanzo. Hesabu wanaokunywa."

"Nihesabu nini?"

"Kibuyu! Hesabu kibuyu, we hesabu tu!"

Akahesabu kwa sauti, kwa kejeli kwanza. Mmoja, wawili, watatu. Kwenye wanne Zulma akainua kichwa. Kijana wa dirishani alipokiinua kile kibuyu, Leandro akaisimamisha picha.

"Miaka ishirini na miwili," nikamwuliza Zulma, "kimewahi kufika kwa mtu wa sita?"

"Hakijawahi," akajibu polepole. "Siku ile tulishangilia. Nilisema, Santa Rosa imetuonea huruma."

Nikawaeleza. Mhudumu mmoja, mstari mmoja, umeme uliokatika, simu thelathini na saba mlangoni. Nikaeleza kwamba kwa mpango wa Wilson uzi wa Doña Elvira peke yake ndio ungekwama, na simu za mitaa mingine zingewasha skrini. Kwa mpango wangu waliachwa gizani wote sita. Nikaeleza kwamba Wilson alinionya nikamfanya kichekesho. Nilisema nusu saa nzima, kwa mpangilio, na michoro ubaoni. Leandro alikuwa amejishika kichwa.

Zulma hakuniuliza kuhusu nyuzi wala umeme. "Ulijua lini?" akasema.

"Jumatano."

"Juzi?"

"Jumatano ya wiki iliyopita."

Akahesabu kwa vidole juu ya mkoba wake, kama mtoto wa shule. "Kwa hiyo Jumapili ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nimepiga magoti na wewe unajua."

Akasimama akatoka. Hakunipiga, na ningemshukuru angenipiga. Nilikuwa kwenye ngazi nikirudi juu nilipogundua kwamba katika nusu saa ile yote, na michoro yangu yote, sikuwa nimesema nisamehe hata mara moja.

Zulma alirudishwa kazini Jumatatu, na barua ya kampuni ya kusafisha jina lake. Mimi niliondolewa ukuu wa programu, sasa niko chini ya Wilson, na hiyo ni haki. Shauri la Don Ademar liko kwa mwanasheria. Nimeandika maelezo yangu nikayatia saini, safari hii baada ya kuyasoma. Nilikwenda pia kwa Doña Elvira. Alinisikiliza akiwa kashika mlango, kisha akauliza swali moja tu: "Yule mwingine, niliyemfungia mlango, anaitwa nani?" Nikamwambia. "Mwambie arudi," akasema. Niliyaandika maneno hayo kwenye karatasi nikaiacha meza ya tatu. Zulma akaisoma, akaitia mkobani. Mimi hakunisemesha.

Wilson akaniamuru niketi ukumbini saa moja kila siku niangalie skrini zinavyowaka. "Uone mwisho wa kazi yako uko wapi," aliniambia. Nikapewa kiti cha saba, pembeni ya kijana wa dirishani. Na Zulma, ambaye hakunipa hata habari za asubuhi, hakuniruka kwenye mzunguko. Mmiminaji hamruki aliyeketi, hata awe adui yake. Ila kibuyu hakikunifikia. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mara skrini iliwaka njiani na kikabaki kwa wa pili, wa tatu, kikipoa. Mwenzangu, sijawahi kufurahia kukosa kitu namna ile. Kila kilipokwama nilivuta pumzi.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, jua zuri, saa nne asubuhi, kikatoka. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Nikaanza kuzitazama skrini. Wa nne. Wa tano. Kijana wa dirishani akakinywa mpaka kikalia, safari hii hakukiinua. Zulma akakijaza, akaja na kukinyoosha mbele yangu bila kunitazama. Nikakipokea. Kilikuwa cha moto. Kwa miaka yote ile ukumbini, sidhani kama kuna aliyewahi kukishika kikiwa cha moto namna ile katika kiti kile.

Sikuweza kunywa. Skrini sita zote nyeusi. Nikajiambia ni Jumanne tu, kuna jua, watu hawaumwi, mstari nimeubadilisha mwenyewe na Wilson kaukagua mara tatu. Haikusaidia kitu. Nikakiweka kibuyu magotini, nikatoa simu yangu, nikapiga namba yetu wenyewe.

Ikaita mara moja. Skrini ya meza ya tatu ikawaka.

Zulma akarudi mbio mezani kwake, akavaa vipokea sauti. Akaiona namba. Akainua macho, akanitazama ng'ambo ya ukumbi, hatua nane hivi, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Halafu akabonyeza.

"Dharura," akasema, kwa sauti ileile anayowapa watu wote. "Nakusikiliza."

Nilifungua mdomo, maneno hayakutoka. Mimi, mwenye mdomo wangu.

"Nakusikiliza," akarudia.

"Nisamehe, Zulma."

Saa ya simu kwenye skrini yake ilikuwa inahesabu. Sekunde tano, sita, kumi. Hakukata. Kijana wa dirishani alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Laini hii ni ya wagonjwa, Ile," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imekwaruza. "Kata simu, unywe. Kinapoa."

Nikakata. Nikanywa, kichungu, cha moto, macho yamenijaa machozi, na kabla sijakimaliza skrini ya kwanza ikawaka, na ya nne, na yake.